Mfuko wa Tarehe Tisa

Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na paa la karakana yetu limeanza kuvuja saa nne na robo. Tumesogeza meza mbili na kuweka ndoo. Kazi yangu hapa makumbusho ni kusafisha mifupa ya kale iliyogandiwa na jiwe. Natumia kalamu ya upepo, chuma chembamba chenye ncha kinachotetemeka kwa nguvu ya mashine, na kukwangua jiwe punje kwa punje mpaka mfupa uonekane. Kazini wananiita Fundi. Nyumbani siku hizi sina jina, naitwa kwa kugongewa ukuta.

Anayegonga ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa fundi paa kwa miaka arobaini, na mwezi uliopita ngazi iliteleza, akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma, wakampa magongo na karatasi ya mazoezi: ainuliwe na kusimamishwa mara tatu kwa siku, la sivyo hatatembea tena. Hana mke wala mtoto. Dada yetu anaishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Kwa hiyo Kaka yuko sebuleni kwangu, kwenye kitanda kilichoziba kabati la vyombo.

Machi 5

Mvua. Kaka hakulala, kwa hiyo sote hatukulala.

Machi 6

Profesa, mama anayeongoza utafiti wetu, amenikabidhi mfupa wa paja. Ni wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili kama sisi, ila kichwa chake kilikuwa kidogo, na hakuna anayethubutu kusema alikuwa mtu au bado. Katikati ya mfupa kuna donge kubwa la rangi ya udongo. Profesa anataka kujua kilicho chini yake. Mashine ya eksirei ni mbovu tangu Januari na yeye hawezi kungoja.

"Macho yetu ni wewe, Fundi," akasema.

Ninachokikwangua hakitupwi, hata vumbi. Kila jioni nalifagia na kulitia kwenye mfuko wenye tarehe ya siku hiyo, na Msajili, binti mmoja asiyecheka na daftari lake, anaupokea na kuufungia stoo. Mvua zikiisha vumbi la mifuko yote huoshwa, huanikwa juani uani, kisha huchekechwa, isije punje ya maana ikawa imepotea.

Machi 9

Naandika nikiwa bado karakana, wenzangu wameshaondoka.

Asubuhi Kaka alimwaga chai kitandani. Nikabadilisha shuka. Nikamwinua kwa zoezi la kwanza, akasema namshika vibaya. Nikamwambia atafute anayeshika vizuri. Mke wangu, aliyekuwa anafunga mkoba wake kwenda kiwandani kushona, alinitazama tu akatoka. Nilifika kazini nimechelewa saa nzima na nimelowa mpaka soksi.

Kanuni ya kazi hii ni moja. Ukikwangua unene wa ukucha, unazima kalamu, unapuliza vumbi, unatazama kwa hadubini, ndipo unaendelea. Leo sikuzima. Nilikuwa nagombana na Kaka kichwani, namjibu yote ambayo sikumjibu asubuhi, na kila jibu lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Katikati ya ugomvi huo likaja wazo ambalo naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisoma: kwamba kama angeangukia kichwa, tungelia mwezi mmoja, na sasa kila mtu angekuwa anaendelea na maisha yake. Kalamu ikazidi kutetemeka. Baada ya saa mbili donge lilikuwa limekwisha.

Profesa alikuja akauinua mfupa kwenye taa. "Safi kabisa," akasema. "Unaona ufa huu? Kingo zake kali. Hakuna mfupa mpya ulioota juu yake. Alivunjika akafa, pengine siku hiyohiyo. Wenzake walimwacha wakaenda." Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari.

Alipoondoka nikafagia vumbi. Punje moja ilikuwa nyeupe kupita kiasi. Nikaiweka chini ya hadubini, na ikawa na matundu madogo madogo kama mkate. Jiwe letu halina matundu hayo. Mfupa ukivunjika, mwili hujenga donge la mfupa mpya kuzunguka palipovunjika, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Nilichokikwangua si jiwe. Yule kiumbe aliishi baada ya kuvunjika, miezi miwili, labda mitatu, na mguu ambao hawezi kuukanyagia. Ushahidi pekee wa miezi hiyo nimeusaga mimi.

Nikafunga mfuko. Nikaandika tarehe. Msajili akaupokea, akaupima mkononi, akasema leo umefanya kazi, akaenda kuufungia.

Machi 10

Sikusema kitu.

Machi 11

Sikusema. Mvua kubwa.

Machi 14

Nina miaka ishirini na miwili katika karakana hii na sijawahi kuharibu hata jino. Watu huleta mifupa kutoka mbali kwa ajili ya mkono wangu, na nakiri kwamba mkono huo umenivimbisha kichwa. Nikisema nimekosea, wataniuliza ilikuwaje, na ilivyokuwa ndicho kitu nisichotaka kukisema. Leo Profesa amenisomea mwanzo wa makala yake. Nilisimama nikaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Machi 19

Profesa amehojiwa redioni. Tulimsikiliza karakana, ndoo zikidondokewa. Alisema huruma ni mgeni katika ukoo wetu, imekuja juzi, na kwamba kwa sehemu kubwa ya safari aliyeumia aliachwa nyuma ili kundi lisonge. Anasema vizuri mno yule mama. Hata mimi niliyejua ukweli nilikaribia kuamini.

Machi 20

Mvua. Kaka amesimama dakika mbili. Alitaka nimsifu. Nilikuwa natafuta kiatu.

Machi 24

Jua limetoka asubuhi nzima. Msajili alisimama mlangoni akiangalia mawingu. "Siku chache tu za jua, Fundi, tuanze kuchekecha." Wenzangu wakafurahi, maana wamechoka na ndoo. Nyumbani mke wangu alifurahi, nguo zilikauka. Mji mzima unaomba mvua ikatike, na mimi peke yangu nashangilia ngurumo.

Machi 25

Imenyesha. Nimepumua.

Aprili 1

Dada amekuja. Alifika na mwavuli umevunjika, akambusu Kaka kipajini, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Ulikuwa wakati wa zoezi la mchana, ambalo huja mbio kutoka kazini kulifanya. Nikamtia Kaka mikono kwapani, nikamnyanyua, nikamsimamisha, nikahesabu, nikamrudisha. Dada alitutazama muda wote huo. Kisha akasema kuna nyumba ya wazee kule kwake, ina wauguzi, ina vitanda, na ameshazungumza nao.

Nikamwambia Kaka si mzigo wa kupeleka stoo.

"Sijasema mzigo, mdogo wangu. Nasema kila mtu ana mwisho wake wa nguvu. Hata Profesa wenu kasema redioni. Tangu mwanzo aliyeumia anaachwa, wengine wanaendelea. Ndivyo tulivyo. Tusijilaumu kwa jambo tulilozaliwa nalo."

Kaka alikuwa anatazama dari. "Kwa hiyo mfu wa enzi hizo ndiye ataamua mimi nile au nisile?"

Mke wangu akaleta chai, na tukainywa kama watu waliokuja msibani.

Nimekaa na hili jioni yote. Maneno ambayo Dada anayatumia kumwondoa ndugu yangu nyumbani nimeyatengeneza mimi kwa kalamu ya upepo. Ningeweza kumwambia palepale kwamba si kweli, kwamba yule wa kale hakufa siku ile. Sikusema, na si kwa kuogopa kazi tu. Kuna sehemu yangu iliyotaka Dada ashinde. Nilimwita katili moyoni mwangu, na wakati huohuo nilikuwa naangalia mahali ambapo kabati la vyombo litarudi kufunguka.

Aprili 2

Dada ameondoka. Anasema tufikiri. Kaka hajasema ndiyo wala hapana.

Aprili 8

Manyunyu tu. Siku ya tatu.

Aprili 10

Jua. Msajili ametoa mabeseni ya kuoshea, ameyapanga uani. Ananiuliza kama ningependa tuanze na mifuko ya mwezi wa tatu. Nikamwambia tuanze na ya Februari, ina mambo mazuri. Februari nilikuwa nasafisha kobe.

Aprili 12

Nimeiba. Niliomba ufunguo wa stoo, nikasema nataka gundi. Msajili alinipa bila kuinua macho kwenye daftari, kwa kuwa ni mimi. Mfuko wa tarehe tisa sasa uko kwangu, kwenye begi la chakula, juu ya kabati la vyombo. Nilitaka kuutupa njiani, kwenye mtaro uliojaa maji ya mvua za wiki iliyopita. Nilisimama pale hadi mwuza magazeti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Miaka ishirini na miwili nimefundishwa kutotupa vumbi, na mkono ukakataa.

Aprili 13

Mke wangu alikwenda sokoni. Nilikuwa nafua, na nilipoingia sebuleni nikamkuta Kaka ana mfuko mapajani. Ameufikia kwa ncha ya gongo.

"Hii nini? Unga?"

Ningeweza kusema ni unga. Nikamweleza yote, mfupa, donge, Profesa, redio. Alisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwenye nyumba anayemweleza paa linavuja wapi.

"Na ulikoseaje?" akauliza. "Mimi nimepaua miaka arobaini. Fundi hakosei msumari hivihivi. Anakosea kwa sababu kichwa kiko pengine. Chako kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Sijakuuliza hilo. Ulikuwa unawaza nini?"

Nikasema nilichelewa. Nikasema nililowa. Akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ileile, na nikamwambia. Kwamba ungeangukia kichwa. Kwamba ingekuwa rahisi.

Alikuwa anakunjakunja mdomo wa mfuko, taratibu, asimwage.

"Rudisha mali ya watu," akasema. "Na umpigie Dada, mwambie aje na gari Jumamosi ijayo si hii."

"Kaka, sikumaanisha."

"Ulimaanisha. Na mimi nilijua. Mgongo unajua mtu anayeuinua."

Aprili 14

Hataki nimwinue. Mke wangu amejaribu, hana nguvu ya kutosha. Hajasimama leo.

Aprili 15

Hajasimama.

Aprili 16

Hajasimama. Anakula akipewa na shemeji yake. Nikiingia anafumba macho, na halali.

Sikujua kwamba naweza kukosa kugongewa ukuta.

Aprili 18

Nimesema.

Nilimkuta Profesa ofisini, nikaweka mfuko mezani mbele yake na Msajili nikamwita awepo, kwa kuwa nilimwibia yeye. Nilisema kwa kifupi. Msajili alifungua daftari, akatazama mstari wa tarehe tisa, akalifunga. Hakunitazama tena siku nzima, na hilo limeniuma kuliko lolote alilolisema Profesa.

Profesa aliosha vumbi mwenyewe kwenye bakuli la maji, akachagua kwa kibano, punje moja baada ya nyingine, chini ya hadubini. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mimi nilisimama. Punje za mfupa zilikuwa thelathini na moja.

"Weka kalamu chini, Fundi," akasema. "Hutaishika mpaka nitakapokwambia, na huenda nisikwambie. Makala nitaiandika upya, na kosa lako litakuwemo, pamoja na langu. Nilikuharakisha, na nilisema redioni jambo nililolipenda kabla sijalijua."

Nikasema ndiyo. Kisha nikauliza nililokuwa nimelingoja mwezi mzima. "Kwa hiyo walimtunza?"

"Mfupa unasema aliishi. Hausemi nani alimletea maji."

"Miezi miwili, Profesa. Hawezi kusimama."

"Ndiyo, inaelekea kuna aliyemsaidia. Inaelekea. Nilikosea kusema walimwacha, na wewe usikosee kusema walimbeba." Alivua miwani. Alikuwa amechoka, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu wa umri wa Dada. "Mbona una haja nayo hivyo?"

Nikamweleza kuhusu Kaka, na gari la Jumamosi.

"Haya, tuseme ningekuletea mifupa mia, yote ya watu waliotupwa na ndugu zao. Tuseme ukoo wetu wote ulitupana tangu huko hadi jana. Ungempandisha kaka yako kwenye gari?"

Akaongeza, akirudi kwenye hadubini, kwamba mifupa itatuambia tumetoka wapi, na hilo ni kubwa, ila yeye hajawahi kuona mfupa unaomwambia mtu afanye nini leo mchana.

Aprili 20

Nachekecha uani na Msajili. Jua kali. Haongei.

Aprili 22

Msajili ameniambia nachekecha vibaya. Nimeshukuru.

Aprili 23

Hajasimama siku ya kumi. Daktari aliyempasua amempigia mke wangu simu, akasema tukifika mwisho wa mwezi hivi, tusahau habari ya kutembea.

Aprili 26

Dada alifika saa tatu na gari la kukodi. Dereva hakuzima injini. Mke wangu alikuwa amekunja nguo za Kaka kwenye begi, na alikuwa analia bila kujificha. Kaka amevaa shati safi, amekaa ukingoni mwa kitanda, magongo mapajani.

Nikaanza na hotuba niliyoiandaa. Nikamwambia Dada kwamba redio ilikosea, kwamba mimi ndiye niliyekosesha, kwamba yule wa kale mguu wake ulikuwa unaunga, na bila shaka kuna aliyemlisha na kumlinda, na kama wao wasio na chochote waliweza, sisi tunashindwaje. Nilisema vizuri. Nilikuwa karibu kujipigia makofi.

Dada alingoja nimalize. "Mdogo wangu, mimi na huyo mfu hatujuani. Maneno ya redio niliyashika kwa sababu sikutaka kukuvunjia heshima mbele ya mkeo. Mwezi huu wa nne tarehe moja nilikaa kwenye kiti kile nikakuona unavyomwinua. Unamwinua kama gunia. Humtazami. Ukimaliza unafuta mikono kwenye suruali. Mimi sikuja kumtoa mtu kwenye familia. Nimekuja kumtoa mikononi mwako."

Sikuwa na pa kuweka uso. Mwezi mzima nimemwandika hapa kama mtu asiye na moyo, naye alikuwa ndiye pekee aliyeona.

Mke wangu hakunitetea. Nami nisingependa anitetee.

Nikapiga magoti mbele ya Kaka, si kwa heshima, ila kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa na nilitaka kumwona. "Usiende," nikasema.

"Kwa sababu ya marehemu wako wa jiwe?"

"Hapana."

"Kwa sababu unaona aibu?"

"Naona aibu. Lakini hapana."

"Basi kwa nini? Jana ulikuwa unataka niende. Sema uongo nikujue."

"Jana nilitaka. Leo asubuhi nilitaka. Sijui kama kesho nitaamka na moyo mzuri, Kaka, siwezi kukuahidi. Ila nataka nikuinue mimi."

Injini ilikuwa inanguruma nje. Kaka alimtazama Dada, Dada akatazama sakafu.

"Hebu fanya," akasema Kaka. "Huyu aone. Akiona sawa nakaa, akiona gunia naondoka."

Nikamshika. Nilikuwa sijamgusa siku kumi na tatu, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka, mifupa yake naijua sasa kwa vidole, bega, mbavu, nyonga yenye chuma. Miguu ilimtetemeka. Nilimtazama usoni muda wote, ingawa ilikuwa ngumu, kwa sababu naye alinitazama. Alisimama pumzi sita, kisha akaanza kuanguka na nikamshusha taratibu. Sote wawili tulikuwa tunahema.

Dada alitoka nje. Nikasikia anazungumza na dereva, kisha injini ikazimwa, na baadaye gari likaondoka bila abiria. Alirudi akasema atakaa wiki mbili, na kwamba atakuwa anakaa kwenye kile kiti cha mlangoni kila mara.

Kaka alikuwa amejilaza. "Sikiliza, bwana mdogo. Kuchoka, choka. Kunichukia siku mojamoja, nichukie, mimi mwenyewe najichukia. Ila uniambie kwa mdomo. Usiniambie kwa mikono."

Aprili 27

Asubuhi ukuta uligongwa saa kumi na mbili. Mgongo uliniuma, macho yalikuwa hayajafunguka. Nikaenda nikasimama pale kitandani.

"Leo nimechoka, Kaka," nikamwambia. "Sitaki."

Akafikiri kidogo, akasogea nipate nafasi ya kukaa. "Hata mimi sitaki," akasema.

Tukakaa kitandani wawili, labda robo saa. Kisha nikamwinua.